Ziwa Lisilo na Njia ya Kutokea

Mhadhara kwa wakazi wa Free Area, Nakuru

Nimeombwa nizungumze kuhusu virutubishi katika mito ya bonde letu. Najua si mada ya kumtoa mtu nyumbani. Ukimwambia jirani kwamba unakwenda kusikiliza habari za virutubishi, atadhani unampeleka mtoto kliniki. Kwa hiyo nitaanza na jambo ambalo kila mmoja wetu analiona mvua ikinyesha, nalo ni mteremko.

Mito mingi ya Kenya ina pa kwenda. Tana na Athi humwagika katika Bahari Hindi. Nzoia, Yala na Sondu huingia Ziwa Victoria, na kutoka huko maji hushika Naili hadi Misri. Mtu wa Garissa akiuchafua Tana anamdhulumu mtu wa Garsen, lakini mwisho wa yote maji yale huondoka. Yetu hayaondoki. Mvua inayopiga mabati ya Free Area na kuujaza mtaro ulio kando ya barabara kuu ya Nairobi hutafuta Ziwa Nakuru, takribani mita 1,760 juu ya usawa wa bahari, na hapo safari inakoma. Mto Njoro unakuja kutoka milima ya Mau, zaidi ya kilomita 50, unaishia papo hapo. Makalia na Nderit vivyo hivyo. Bonde hili lina kilomita za mraba takribani 1,800, na halina mto hata mmoja unaotoka. Maji huchukuliwa na jua, kiasi fulani kikanywewa na ardhi, lakini jua halibebi mbolea wala kinyesi. Vilivyoingia na maji hubaki, vingi vikilala katika tope la chini ya ziwa.

Virutubishi ninavyovisema ni viwili, naitrojeni na fosforasi, na kila aliyewahi kununua mbolea anavijua hata kama hajui majina yake. Gunia la DAP la kilo 50 limeandikwa 18-46-0. Ile 46 ni hesabu ya wanakemia. Ukiigeuza kuwa fosforasi yenyewe, unapata kama kilo 10 ndani ya gunia. Shambani Njoro, kilo hizo 10 ni mahindi. Zikiingia majini ni mwani, na kilo moja ya fosforasi inatosha kuotesha takribani kilo 100 za mwani, tena ukiupima mkavu. Gunia moja, tani moja.

Kwa nini naishikilia fosforasi? Kwa sababu ya jaribio moja lililofanywa Ontario, Kanada, mwaka wa 1973. David Schindler na wenzake walichukua ziwa dogo liitwalo Ziwa 226, wakaligawa katikati kwa pazia. Upande mmoja wakautia kaboni na naitrojeni. Upande wa pili wakautia hizo hizo, wakaongeza fosforasi. Picha iliyopigwa kutoka angani inaonyesha upande wa kwanza ukiwa na weusi wa kawaida wa maji ya huko, na wa pili ukiwa kijani kitupu. Watengenezaji wa sabuni, ambazo wakati huo zilijaa fosfati, walikuwa wamebisha kwa miaka kwamba kosa si lao. Baada ya picha ile, ubishi ulikuwa mgumu kuuendeleza.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wataalamu wa kuja na kuondoka hulisahau. Ziwa letu lilikuwa kijani kabla ya gunia la kwanza la mbolea kufunguliwa katika bonde hili. Ni ziwa la magadi. Mwani wake wa asili ni kiumbe mdogo aliyejisokota, Arthrospira, ambaye wengi humwita spirulina, na huyo ndiye chakula cha heroe wadogo, yaani flamingo wetu. Ekkehard Vareschi, aliyefanya utafiti hapa katika miaka ya 1970, alikadiria kwamba heroe mmoja hula takribani gramu 70 za mwani mkavu kwa siku. Heroe milioni moja, na wamewahi kuhesabiwa hivyo, ni tani 70 kila siku inayopambazuka. Basi mtu akija na mafunzo yake ya ng'ambo akasema ziwa la kijani ni ziwa lililokufa, mwacheni akabishane na heroe.

Ukijani peke yake si ugonjwa. Swali ni mwani wa aina gani unaotawala, na unabadilika kwa kasi gani. Mwaka wa 1974 Arthrospira iliporomoka katika Ziwa Nakuru, vijimwani vidogo zaidi vikashika nafasi, vidogo mno kwa mdomo wa heroe kuvichuja, na ndege wengi wakahama. Miaka ya 1990 heroe walikufa kwa maelfu hapa na katika Ziwa Bogoria. Washukiwa walikuwa wengi: metali kutoka mjini, kifua kikuu cha ndege, njaa. Kisha mwaka wa 2004 Andreas Ballot, Lothar Krienitz, Kiplagat Kotut na wenzao wakachapisha matokeo kwamba maji ya Bogoria, Nakuru na Elementaita yalikuwa na sumu zinazotengenezwa na mwani wenyewe, za kuharibu ini na za kushambulia mishipa ya fahamu. Kesi ya vifo vile haina mshtakiwa mmoja. Hata hivyo, tangu hapo hakuna anayeweza kusema mwani wa maziwa yetu ni rangi tu.

Nawaomba mlishike hili la sumu, kwa kuwa sisi ni watu wa kuchemsha maji tukaona tumemaliza. Agosti 2014, katika mji wa Toledo, Marekani, karibu watu nusu milioni waliamriwa wasinywe maji ya bomba. Ziwa Erie lilikuwa limenona kwa mbolea iliyoletwa na Mto Maumee kutoka mashambani, na sumu ya mwani ikafika kwenye mitambo ya maji. Waliambiwa pia wasiyachemshe, maana kuchemsha hupunguza maji na kuiacha sumu palepale. Sisi hatunywi maji ya Ziwa Nakuru. Ndugu zetu wa Kisumu wanakunywa ya Ghuba ya Winam, ambayo magugu-maji na mwani vimeitawala kwa miongo.

Kisha kuna hili ambalo mmelishuhudia kwa macho. Katikati ya miaka ya 1990 ziwa letu lilikaribia kukauka. Tangu mwaka wa 2010 hivi limefura, kutoka kilomita za mraba 40 hivi hadi zaidi ya 60. Limemeza barabara na majengo ndani ya mbuga, na huko Barut na Mwariki limewatoa watu majumbani mwao. Sababu kubwa ni mvua. Udongo unaoporomoshwa kutoka milimani umeongeza chumvi kwenye kidonda. Maji yamezimuka, ukali wa magadi umepungua, heroe wengi wamehamia Bogoria na kwingineko, na wavuvi wameonekana mahali ambapo babu zetu hawakuwahi kutega wavu. Kwa mada yetu ya leo maana yake ni hii: magadi yalikuwa mlinzi. Yalizuia aina nyingi za mwani zisimee. Mlinzi huyo amelegea, na fosforasi iliyokuwa ikigeuka chakula cha heroe sasa inaweza kulisha kitu kingine kabisa.

Fosforasi hiyo inatoka wapi? Habari za Mau mmezisikia mpaka masikio yamechoka, kwa hiyo nitapita haraka. Mwaka wa 2001 serikali iliondoa zaidi ya hekta 35,000 za Mau ya Mashariki kutoka hadhi ya msitu, na huko ndiko Mto Njoro unakozaliwa. Fosforasi ina tabia ya kung'ang'ania chembe za udongo. Udongo ukitulia, nayo imetulia. Udongo ukichukuliwa, inapanda nao. Mkulima wa Mau Narok au Nessuit anatia DAP mwezi wa Machi au Aprili anapopanda, ardhi ikiwa imelimwa na haina jani, na hiyo ndiyo miezi ya mvua kubwa. Wakati huo mtu akisimama kwenye daraja akaona maji ya kahawia yakipita, anatazama pesa za mkulima zikienda ziwani. Mbolea ya ruzuku ilishuka hadi shilingi 2,500 kwa gunia mwaka wa 2023, nasi tulishangilia. Sikusikia mtu akiuliza ni sehemu gani ya gunia hilo inayobaki shambani.

Na tafadhali tusimgeuze mkulima kuwa adui. Mkutano wa Abuja wa mwaka wa 2006 uliazimia Afrika itoke kilo 8 za mbolea kwa hekta ifike 50, kwa sababu mashamba yetu yana njaa. Mkulima wa Mau hatii mbolea kupita kiasi kama wa kule Mto Maumee. Tatizo lake ni kushindwa kuizuia isiondoke.

Mtoni kwenyewe nataka tukae kidogo. Shukeni siku moja ya kiangazi, saa sita mchana, mahali popote Mto Njoro unapokatiza makazi. Punda wawili wamefungwa mkokoteni, wamerudishwa kinyumenyume mpaka magurudumu yameingia majini, na kijana anajaza mitungi ya lita ishirini ishirini. Hatua chache juu yake mama wawili wanafua kwenye jiwe, povu linashuka. Ng'ombe wanafika, hawanywi kutoka ukingoni. Wanaingia mpaka magotini, wanasimama, wanakojoa, wananya, wanakoroga. Tope lililolala chini tangu mvua za mwisho linaamka na kila kilichokuwa ndani yake. Kijana wa mkokoteni anangoja dakika mbili maji yatulie, halafu anaendelea kujaza.

Paul Yillia, Norbert Kreuzinger na Jude Mathooko wa Chuo Kikuu cha Egerton walilichunguza jambo hilo na kulichapisha mwaka wa 2008. Walikwenda kwenye sehemu watu na mifugo wanaposhukia mtoni, ukiwamo upande wa Daraja la Njoro, wakapima maji, wakahesabu shughuli. Walichokuta ndicho mlichokwisha kukikisia: hali ya maji inaharibika kadiri watu na wanyama wanavyoingia mtoni, na kiangazi ndipo mambo yanapokuwa mabaya kwa kuwa mto ni mwembamba. Hapo hakuna kiwanda cha kushtaki, wala kampuni ya kigeni. Kuna ng'ombe mwenye kiu. Dawa yake ni birika la saruji lililojengwa mbali kidogo na mto, bomba la kulijaza, na mtu wa kulisafisha. Sheria nayo haikukosekana: kanuni za ubora wa maji za mwaka wa 2006 zilikataza kulima na kujenga kandokando ya mto, kuanzia mita 6 hadi 30 kutoka alama ya mafuriko. Nenda kapime uone mita hizo 6 ziko wapi. Mara nyingi zina sukuma wiki.

Sasa turudi nyumbani, maana si haki nimseme mtu wa Mau na ng'ombe wake halafu niwaache nyinyi mkienda zenu mkitabasamu. Mtu mzima anayekula chakula chetu cha Afrika Mashariki hutoa kwa mwaka, katika mkojo na kinyesi chake, takribani kilo 2.5 za naitrojeni na gramu 400 za fosforasi. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu zaidi ya watu 570,000 katika mji wa Nakuru. Watoto hutoa kidogo kuliko wakubwa, lakini tukikadiria tu, zidisheni: ni kama tani 228 za fosforasi kwa mwaka, sawa na iliyo katika magunia zaidi ya 22,000 ya DAP. Kwa bei ya ruzuku ni shilingi zaidi ya milioni 55. Jiji hili, lililopewa hati yake tarehe 1 Desemba 2021, linakalia mali hiyo kila asubuhi.

Inakwenda wapi? Sehemu inapita kwenye bomba la majitaka hadi mitambo miwili, wa Njoro na wa Town, iliyopanuliwa katika miaka ya 1990 kwa msaada wa Japani ili iweze kusafisha takribani mita za ujazo 16,000 kwa siku. Mitambo ya namna hii, ya mabwawa na vichujio, inafanya kazi nzuri ya kuua vijidudu na kuondoa uozo. Fosforasi haikuwa shabaha yake. Kanuni za mwaka wa 2006 zilielekeza maji yanayotolewa yasizidi miligramu 2 za fosforasi kwa lita, na majitaka ya nyumbani huingia mtamboni yakiwa na mara kadhaa ya hizo. Na yakishatoka, yanaelekea ziwani. Seattle, Marekani, walipoona Ziwa Washington linageuka kijani, katika miaka ya 1960 walijenga mabomba makubwa wakayapeleka majitaka baharini, na ziwa likapona. Sisi hatuna pa kuyapeleka. Hapa hakuna bahari ya kuficha makosa.

Lakini bomba si hadithi ya wengi. Wakazi wengi wa Nakuru hutumia choo cha shimo au tangi la septiki. Nyinyi mnaoishi kwenye ploti mnajua mambo yanavyokwenda. Shimo moja, nyumba kumi. Likijaa, msimamizi wa ploti anampigia landilodi, landilodi anauliza bei ya eksosta, yaani gari la kunyonya majitaka, anasema atapiga tena. Wiki mbili zinapita. Siku gari likija, mpira unavutwa kupitia ukumbini kati ya milango, watoto wanafukuzwa, na linanyonya juujuu tu kwa sababu chini kumeshikana kwa takataka na matambara. Lisipokuja kabisa, kuna njia nyingine mbili: kuchimba shimo jipya, au kungoja usiku wa mvua na kulifungulia lile la zamani njia ya mtaroni. Ardhi yetu nayo ni majivu ya volkano, laini, yenye nyufa ambazo hufunguka ghafla mvua zikizidi. Kinachofukiwa ndani yake hakikai kama kilichofukiwa kwenye mfinyanzi.

Ndiyo maana naona kosa kubwa la mipango yetu ni kungoja. Kila kikao kinaahidi bomba la majitaka, na bomba ni jambo jema, lakini ni ghali, linachukua miaka, na mwisho wake linapeleka kila kitu kwenye mtambo usioondoa fosforasi. Shimo lililonyonywa kwa ratiba linaleta faida mwaka huu huu. Mtu akilipa kidogo kidogo pamoja na bili ya maji, badala ya kutafuta maelfu kwa siku moja shimo linapofurika, choo chake kitanyonywa kabla ya mvua. Landilodi asiyeunganishwa na mpango huo asipewe leseni.

Na uchafu ule una kazi. Kampuni ya maji ya Nakuru, NAWASSCO, tayari hukausha tope la vyooni, hulichoma pasipo hewa, hulichanganya na vumbi la mbao lililochomwa na molasi, na kulifinyanga kuwa makaa ya mviringo yanayouzwa kwa jina la Makaa Dotcom. Wapo waliocheka mwanzoni. Yanawaka, hayanuki, na yanaokoa miti. Mimi, kama ningeulizwa, ningependa sehemu kubwa zaidi irudi shambani ikiwa mboji iliyoiva vizuri hadi mayai ya minyoo yakafa, kwa sababu ukichoma, naitrojeni inapotea, na fosforasi inabaki katika jivu ambalo watu hulimwaga popote. Jivu hilo tungelipeleka kwenye mashamba tungepata mara mbili.

Kuhusu mkulima wa juu, jirani zetu wa Naivasha wametutangulia. Huko, mashirika ya WWF na CARE yalisimamia mpango ambao watumiaji maji wa karibu na ziwa, wakiwamo wakulima wa maua, waliwalipa wakulima wa Wanjohi na Turasha ya juu wapande ukanda wa nyasi kukatiza mteremko, wapande miti, na waache kulima ukingoni mwa mto. Malipo yalikuwa vocha ya takribani dola 17 kwa mwaka, ya kununulia pembejeo. Kiasi kidogo, kweli. Lakini nyasi zile, za napia, zilizuia udongo, zikalisha ng'ombe, na maziwa yakaongezeka. Hapo ndipo mkulima aliposhawishika, si kwenye vocha. Nakuru tuna mbuga inayotoza kiingilio, tuna mahoteli, tuna jiji zima linalotegemea mvua za Mau. Sioni kwa nini sehemu ya kiingilio hicho isipande mlimani kwenda kwa watu wa Nessuit na Mau Narok, kupitia jumuiya za watumiaji maji ambazo sheria ya maji inazitambua.

Yote haya hayatapimika bila takwimu, na takwimu ni zenu. Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka wa 2016 imeeleza jinsi ya kuziomba. Kikao cha maoni ya wananchi kuhusu bajeti ya kaunti kitakapotangazwa, msiende kuomba bomba tu. Ombeni kiwango cha fosforasi katika maji yanayotoka kwenye mitambo yetu miwili na katika Mto Njoro unapoingia ziwani kibandikwe kila mwezi katika ofisi ya wadi. Ombeni ratiba na bei ya eksosta ya Free Area iandikwe kwenye bajeti. Wekeni maombi hayo kwa maandishi, mtie saini, na mdai nakala iliyopigwa muhuri.